Siri Iliyojulikana na Kila Mtu

Mwezi Aprili mwaka 1868, wapiga kura wa Kaunti ya Columbia katika jimbo la Georgia walimpa Rufus Bullock, mgombea ugavana wa chama cha Republican, kura 1,222. Wengi wa waliompigia walikuwa wanaume Weusi ambao miaka michache tu nyuma walikuwa mali ya watu wengine, wakiuzwa na kurithishwa kama mashamba. Mwezi Novemba mwaka huohuo ukafanyika uchaguzi wa rais, na kaunti hiyohiyo ikampa Ulysses Grant, mgombea wa chama kilekile, kura moja. Hakukuwa na njaa iliyowahamisha watu hao wala tauni iliyowafagia. Katikati ya chaguzi hizo mbili walipita wapanda farasi wa usiku, nyuso zao zimefunikwa na mijeledi mikononi. Historia ya Ku Klux Klan husimuliwa mara nyingi kama habari ya majoho, misalaba inayowaka na vyeo vya majina ya kutisha, kana kwamba nguvu yake ilitoka katika kujificha kwake. Simulizi hiyo inawapa wauaji sifa wasiyostahili. Ushahidi wa miaka mia moja unaonyesha kwamba Klan ilistawi pale sherifu, hakimu, mhariri na mchungaji walipoipa ruhusa ya kustawi, na kwamba ruhusa hiyo ilipoondolewa ilivunjika kwa haraka ya kushangaza. Waliokuwa na wajibu wa kuizuia waliijua vizuri.

Chimbuko lake ni mji mdogo wa Pulaski, Tennessee. Kati ya mwisho wa mwaka 1865 na katikati ya 1866, vijana sita waliorudi kutoka jeshi la Kusini lililoshindwa vitani walianzisha chama katika ofisi ya mwanasheria mmoja. Hawakuwa watu wa mitaani: walikuwa na elimu, na mmoja wao, Frank McCord, aliandikia gazeti la mji. Mwingine, John Lester, alishiriki kuandika kitabu kilichotoka mwaka 1884, akidai kwamba walichotafuta mwanzoni kilikuwa burudani tu, mzaha wa vijana waliochoshwa na ukimya wa mji uliofilisika. Dai hilo limerudiwa sana na linastahili jibu. Tukubali kwamba walianza kwa kucheka. Bado inatupasa kuuliza walimcheka nani. Mchezo wao ulikuwa kujivika shuka, kujifanya mizuka ya wapiganaji waliokufa, na kuzizungukia usiku nyumba za watu waliotoka utumwani. Kabla ya vita, majimbo ya Kusini yalikuwa na doria za kisheria zilizopanda farasi usiku, zikiwa na mamlaka ya kumchapa mtu Mweusi yeyote aliyekutwa njiani bila kibali cha bwana wake. Vijana wa Pulaski walikulia katika desturi hiyo. Marekebisho ya 13 ya Katiba yalipopiga marufuku utumwa mwezi Desemba 1865, doria ilipoteza sheria yake, lakini farasi, mijeledi na mazoea vilibaki.

Sheria nazo zilikuwa mbioni kurudisha zilichopoteza. Jimbo la Mississippi lilitunga kanuni zilizomlazimu kila mtu Mweusi kuonyesha kila Januari maandishi kwamba ameajiriwa. Asiye nayo alikamatwa kama mzururaji, akatozwa faini, na akishindwa kuilipa akakodishwa kwa Mzungu aliyemlipia. Mwezi Mei 1866 katika mji wa Memphis, umati wa Wazungu ukiwa na polisi wa mji ndani yake uliua watu Weusi 46 kwa siku tatu, ukateketeza shule zao na makanisa yao, na hakuna hata mmoja aliyefikishwa mahakamani. Klan ilikua katika nchi hiyo. Haikuanzisha desturi ya kumpiga mtu Mweusi bila kuadhibiwa. Iliikuta, ikaipa utaratibu.

Mambo yalibadilika Machi 1867, pale Bunge la Marekani lilipoyaweka majimbo kumi ya Kusini chini ya wanajeshi na kuagiza yaandike katiba mpya kwa kura za wanaume wote, Weusi kwa Weupe. Kwa mara ya kwanza mtu aliyechuma pamba bila ujira angeweza kumchagua sherifu, na hata kuwa sherifu mwenyewe. Mwezi uliofuata wajumbe wa Klan walikutana Nashville, wakajipa katiba, na kabla ya muda mrefu wakamkubali kama kiongozi wao mkuu Nathan Bedford Forrest, mfanyabiashara wa watumwa wa Memphis aliyegeuka jenerali, ambaye askari wake waliwachinja wapiganaji Weusi waliokuwa wakisalimu amri katika ngome ya Fort Pillow mwaka 1864. Mwaka 1868 Forrest alimwambia mwandishi wa gazeti kwamba chama kina watu 40,000 Tennessee peke yake na zaidi ya nusu milioni kote Kusini. Muda si muda akayakana maneno yake. Hesabu hiyo ilikuwa majigambo. Ukweli ni kwamba Klan haikuwa jeshi lenye kamanda mmoja. Ilikuwa jina ambalo vikundi vya kila kaunti vililichukua, kila kimoja na wakubwa wake, na Louisiana lilikuwa na vyama vingine vya namna hiyo vyenye majina tofauti na kazi ileile. Ndiyo maana Forrest alipotoa amri mapema mwaka 1869 kwamba vifaa vya kujificha viharibiwe, mauaji hayakupungua. Mtu anayetafuta makao makuu ya njama hii hatayapata, kwa sababu ilikaa katika kila mji wa kaunti, karibu na mahakama.

Hapo tunafikia swali la wanachama wake. Waheshimiwa wa Kusini walipenda kusema baadaye kwamba uovu ulifanywa na makabwela wa Kizungu wasiosoma. Abram Colby angewasahihisha. Alizaliwa mtumwa, akachaguliwa kuwa mbunge wa jimbo la Georgia kutoka Kaunti ya Greene. Kwanza alipewa ahadi ya fedha nyingi ili ajiuzulu au ahame chama. Alipokataa, usiku mmoja wa Oktoba 1869 alitolewa kitandani, akapelekwa msituni na kuchapwa kwa saa kadhaa hadi wakamwacha wakidhani amekufa. Mbele ya kamati ya Bunge alieleza kwamba aliwatambua baadhi yao, naye akawataja kwa kazi zao: mwanasheria, daktari, wakulima wenye mali. Waathirika wengi walitoa ushahidi wa aina hiyo. Walimjua mtu kwa sauti yake, kwa farasi wake, kwa viatu vyake, kwa namna anavyotembea, maana walikuwa wamemtumikia tangu utotoni. Kikulacho ki nguoni mwako, na barakoa haikumficha mwenye nguo. Ilimpa jirani yake Mzungu nafasi ya kuapa mahakamani kwamba hakumtambua, na ilimpa baraza la mahakama lililojaa wenzake sababu ya kumwachia.

Kwa miongo mingi wanahistoria wenye majina makubwa katika vyuo vikuu vya Marekani walifundisha kwamba Klan ilikuwa kujihami: utawala mpya ulikuwa wa rushwa, Weusi walikuwa wakorofi, na Wazungu hawakuwa na njia nyingine. Hoja hii haiwezi kusimama mbele ya orodha ya walioshambuliwa. Ushahidi uliokusanywa na kamati ya Bunge na kuchapishwa mwaka 1872 katika juzuu 13 unawataja walimu, wahubiri, watu walionunua ardhi, watu waliodai ujira wao, na wapiga kura. Wyatt Outlaw, fundi na kiongozi wa Weusi katika mji wa Graham, North Carolina, alinyongwa mtini karibu na mahakama usiku wa Februari 1870. Miezi mitatu baadaye Seneta wa jimbo John Stephens, Mzungu aliyewatetea Weusi, aliuawa ndani ya jengo lenyewe la mahakama ya Kaunti ya Caswell mchana, huku mkutano wa chama cha Democrat ukiendelea humohumo. Wala rushwa hawakuwa wachache katika siasa za Marekani ya wakati ule, Kaskazini na Kusini, lakini hakuna mpanda farasi wa usiku aliyewafuata kwa sababu ya rushwa.

Mtu anayetaka kuipima hoja ya kujihami na amtazame Elias Hill wa Kaunti ya York, South Carolina. Ugonjwa ulimlemaza tangu akiwa na miaka saba. Mikono na miguu ilisinyaa, hakuweza kutembea wala kujilisha bila msaada. Alijifunza kusoma kwa watoto wa shule waliopita, akawa mhubiri wa Kibaptisti, akafundisha watoto na kuwaandikia barua watu wasiojua kuandika. Mwezi Mei 1871 wanaume waliojifunika nyuso walimburuta hadi uani, wakampiga mjeledi, wakamtisha kwa bastola, wakamtaka aache kuhubiri siasa, atangaze gazetini kwamba ameacha chama cha Republican, na aiombee dua Klan. Mtu asiyeweza kuinua mkono wake alikuwa tishio kwao kwa sababu alijua kusoma na watu walimsikiliza. Hill alitoa ushahidi wake mbele ya Bunge, na mwaka huohuo aliondoka na zaidi ya watu mia moja wa kaunti yake, wakavuka bahari kwenda Liberia. Alikufa huko mwaka 1872. Kati ya wote waliotajwa katika juzuu zile, sijui mwingine ambaye habari yake inaeleza kwa uwazi zaidi Klan ilikuwa inaogopa nini.

Serikali ingeweza kufanya nini? Majimbo mawili yalitoa majibu mawili. Arkansas, ambako mbunge wa taifa James Hinds aliuawa kwa risasi Oktoba 1868, lilikuwa na Gavana Powell Clayton. Alitangaza sheria ya kijeshi katika sehemu kubwa ya jimbo, akatuma wanamgambo Weusi na Wazungu, akawafikisha wauaji mbele ya mahakama za kijeshi na baadhi wakanyongwa. Wapo askari wake waliopora mali za watu, na wapinzani wake hawakukosea kulalamikia hilo. Hata hivyo, katika miezi michache Klan ya Arkansas ilikwisha. North Carolina lilikuwa na Gavana William Holden, aliyechelewa na, alipotuma wanamgambo mwaka 1870, hakuungwa mkono: jaji wa shirikisho aliwaachia aliowakamata, wapinzani wake wakashinda uchaguzi wa bunge la jimbo, na Machi 1871 wakamwondoa madarakani kwa kumshtaki. Gavana wa kwanza wa Marekani kuondolewa kwa njia hiyo alikuwa mtu aliyejaribu kuwakamata wauaji.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja South Carolina. Katika Kaunti ya York wanaume wengi wa Kizungu walikuwa wameapishwa kuingia Klan, na Machi 1871 walimnyonga Jim Williams, kapteni wa wanamgambo Weusi. Meja Lewis Merrill alipotumwa huko na kikosi cha wapanda farasi, alidhani habari alizosikia zimetiwa chumvi. Alipochunguza alihesabu mauaji 11 na watu wapatao 600 waliochapwa au kuteswa katika kaunti moja. Bunge lilikwisha kutunga sheria: ya Mei 1870 iliyofanya njama ya kumnyima raia haki zake kuwa kosa la shirikisho, na ya Aprili 1871 iliyolenga Klan moja kwa moja. Mwanasheria Mkuu wa serikali, Amos Akerman, alikuwa mtu wa Georgia aliyewahi kutumikia jeshi la Kusini, na huenda ndiyo maana hakudanganyika kuhusu watu aliokuwa akishughulika nao. Oktoba 1871 Rais Grant alisimamisha katika kaunti tisa haki ya mtuhumiwa kufikishwa haraka mbele ya hakimu. Yaliyofuata yanaondoa fumbo lote la chama cha siri. Mamia walikamatwa, mamia wakajisalimisha wenyewe wakitaja wenzao, matajiri wakatorokea majimbo mengine na Kanada. Chama kilichodaiwa kuwa hakionekani kilivunjwa na askari wachache, waendesha mashtaka wachache na mabaraza ya mahakama ambamo Weusi walikaa. Uchaguzi wa mwaka 1872 ulikuwa wa amani kuliko wowote Kusini ilioujua tangu vita.

Wapo wanaosema sheria haiwezi kushinda chuki, nao huonyesha yaliyotokea baadaye. Ni kweli kwamba Akerman aliondolewa kabla mwaka 1871 haujaisha, wafungwa wakasamehewa, na Aprili 1873 huko Colfax, Louisiana, makumi ya Weusi wakauawa, wengi wakiwa wamekwisha kusalimu amri. Lakini wauaji wa Colfax hawakuhitaji majoho. Hukumu za wachache waliotiwa hatiani zilitenguliwa, na mwaka 1876 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua katika kesi yao kwamba ulinzi wa Katiba ulikuwa dhidi ya vitendo vya majimbo, na raia aliyeshambuliwa na raia mwenzake atafute haki kwa jimbo lake, yaani kwa watu walewale waliomtazama akishambuliwa. Mwaka 1877 makubaliano ya kisiasa yakakomesha ulinzi wa askari wa shirikisho. Hapo Klan ya kwanza haikuwa na kazi tena. Kilichofanywa usiku kikahamia katika vitabu vya sheria: kodi za kupiga kura, mitihani ya kusoma, mabehewa ya kutenganisha watu, na umati ulionyonga mchana ukipigwa picha. Chuki haikuishinda sheria. Wenye sheria waliiweka chini.

Klan ya pili ilizaliwa kutokana na uongo uliotungwa kuhusu ya kwanza. Thomas Dixon aliandika riwaya mwaka 1905 iliyowageuza wauaji kuwa mashujaa, na D. W. Griffith akaifanya filamu, The Birth of a Nation, iliyoonyeshwa mwaka 1915 hata ndani ya Ikulu ya Marekani. Msalaba unaowaka ulitoka huko, katika kalamu ya mtunzi; watu wa Pulaski hawakuujua. Mwishoni mwa Novemba mwaka huo William Simmons, aliyewahi kuwa mhubiri, aliuwasha juu ya mlima Stone Mountain karibu na Atlanta. Kwa miaka mitano chama chake kilibaki na wanachama elfu chache. Mwaka 1920 aliwaajiri Edward Young Clarke na Elizabeth Tyler, wataalamu wa matangazo, nao wakaigeuza chuki kuwa biashara. Kiingilio kilikuwa dola 10, na dola 8 kati ya hizo zilikwenda kwa Clarke na mawakala wake, wakala aliyemleta mtu akichukua 4. Mawakala waliagizwa kutafuta kila mji unamwogopa nani: hapa Mkatoliki, pale Myahudi, kwingine mhamiaji kutoka Ulaya ya kusini, na kila mahali mtu Mweusi. Wachungaji wa Kiprotestanti walijiunga bure na wengi wao walikubali.

Mwaka 1921 gazeti la New York World lilianika mambo yote kwa wiki tatu: viapo, fedha, vipigo. Bunge likamhoji Simmons. Kama nguvu ya Klan ingekuwa siri yake, hapo ingekufa. Badala yake maombi ya uanachama yaliongezeka, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 makadirio yanataja kati ya watu milioni mbili na milioni tano. Chini ya Hiram Evans, daktari wa meno kutoka Dallas, ilisaidia kuchagua magavana na maseneta. Katika mkutano mkuu wa chama cha Democrat wa mwaka 1924, azimio la kuilaani kwa jina lilishindwa kwa tofauti ndogo mno. Agosti 1925 maelfu kwa maelfu waliandamana katikati ya mji wa Washington, nyuso wazi.

Kuna wanaoitetea Klan hiyo kwa kusema wengi wa wanachama wake hawakumgusa mtu, kwamba kwao ilikuwa mahali pa pikiniki na michango ya kanisa. Huenda ni kweli kwa wengi. Lakini mpigaji wa viboko wa Texas au Louisiana alilindwa na hao wapole wa Indiana, kwa sababu seneta aliyehitaji kura zao hakuthubutu kumgusa. Indiana ndiko kulikokuwa na nguvu kuliko kote, na ndiko kulikoanguka kwanza. Mwaka 1925 kiongozi wake, D. C. Stephenson, alimteka na kumbaka Madge Oberholtzer, mfanyakazi wa serikali ya jimbo, ambaye kabla ya kufa alieleza yote kwa kiapo. Stephenson alitiwa hatiani kwa mauaji, na gavana ambaye yeye alikuwa amemsaidia kuchaguliwa alipokataa kumsamehe, Stephenson alitoa hati za rushwa zilizowaangusha wanasiasa kadhaa. Wanachama walikimbia kwa mamia ya maelfu. Nakubali kwamba aibu pekee haielezi anguko lote: sheria ya uhamiaji ya mwaka 1924 ilikuwa imewapa sehemu kubwa ya walichodai. Hata hivyo kilichowaondoa ni kwamba kuonekana na joho kulikoma kuwa heshima. Mwaka 1944 idara ya kodi ya serikali ilidai zaidi ya dola 685,000, na shirika likajivunja lenyewe.

Vikundi vilivyofufuka baada ya uamuzi wa Mahakama Kuu wa 1954 kuhusu shule vilikuwa vidogo, na viliua kwa sababu ileile. Mei 1961 polisi wa Birmingham, Alabama, chini ya Bull Connor, waliahidi kuipa Klan dakika 15 za kuwapiga abiria waliokuwa wakidai haki ya kusafiri pamoja. FBI iliambiwa mapema na mtu wake ndani ya Klan, na haikuzuia. Septemba 1963 bomu liliwaua wasichana wanne katika kanisa la 16th Street mjini humo: Addie Mae Collins, Cynthia Wesley, Carole Robertson na Denise McNair. FBI ilijua washukiwa kufikia 1965, lakini wa kwanza alihukumiwa mwaka 1977 na wa mwisho mwaka 2002.

Juni 21, 1964, katika Kaunti ya Neshoba, Mississippi, naibu sherifu Cecil Price aliwakamata James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, waliokuwa wakisaidia Weusi kujiandikisha kupiga kura. Usiku aliwaachia, akawafuata njiani, akawakabidhi kwa wenzake wa Klan, nao wakawapiga risasi na kuwafukia katika tuta la bwawa. Jimbo la Mississippi lilikataa kumshtaki mtu yeyote kwa mauaji, na ilibidi serikali ya shirikisho ifungue kesi ya njama ya kuwanyima raia haki zao. Oktoba 1967 baraza la mahakama la Wazungu watupu liliwatia hatiani watu saba, Price akiwamo, pamoja na Sam Bowers, mkuu wa Klan ya jimbo hilo. Kifungu kilichowafunga kilitoka katika sheria ya Mei 1870. Kilikuwa ndani ya vitabu vya Marekani muda wote huo.